Wanyama wa Jangwani

Televisheni yetu ina kinundu nyuma, ya zamani,
tumeifunga kwa mnyororo wa baiskeli
kwenye dawati la darasa la tatu B.
King'amuzi tumeazima kwa mpishi wa uji.
Fundi Mzelengi alipomaliza kuunga waya
alisema, "Msiiguse. Inaringa."

Saa nne kasorobo, kipindi cha wanyama.
Watoto sabini na wawili, shingo mbele.
Nikaandika ubaoni: JANGWANI.
Kondo akanyoosha kidole chaki haijatua:
"Mwalimu, si ndiko kwetu huko?
Maji yalifika kwenye swichi."

Hawakucheka. Nusu ya darasa ni wa huko.
Nikafuta herufi mbili za mwisho,
nikasema, jangwa ni mahali ambapo mvua
hupotea njia mwaka, hata miaka.
"Basi kwetu njia imeikariri," akasema Mwanahija.

Kioo kikaamka. Mchanga, mchanga, mchanga.
"Lori ngapi hizo?" akauliza Shabo,
ambaye baba yake hufyatua matofali.
Akatokea mbweha mdogo, masikio yamemzidi mwili;
mtangazaji akasema ndiyo yanayompunguzia joto.
Sabini na wawili wakashika masikio yao,
wakayapima, wakaona hayatoshi.

Nge akapita, mkia umekunjwa kama alama ya kuuliza.
Nyoka akaenda ubavu ubavu,
kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.
Kisha mbawakawa, mweusi,
kadiri ya punje ya ubuyu:
alfajiri hupanda mgongo wa mchanga,
huinamisha kichwa, huinua makalio,
ukungu humtua, huwa tone,
tone huteremka, polepole,
hadi kinywani.
Darasa zima likameza mate pamoja naye.

Ngamia akaja. Akapiga magoti kisimani.
Mdomo ukagusa

Luku ikaisha.

Kioo kikabaki na sisi wenyewe:
mashati meupe, dirisha, mimi na fimbo yangu ya kuonyeshea.
Hakuna aliyeinuka.
"Amekunywa, Mwalimu?"
Nikasema, akiwa na kiu hunywa ndoo tano kwa mkao mmoja.
Kondo akapiga hesabu kwa vidole.
"Tungemleta kwetu mwezi wa nne," akasema.
"Angeanzia chumbani kwa bibi."

Ijumaa nikatoa jaribio.
Swali la sita: Taja wanyama watatu waishio jangwani.
Kondo ameandika, kwa mwandiko wa kulala:
chura,
kambale,
mbwa wa Mama Siwema anayelala juu ya bati.

Nimekaa nalo daftari hilo tangu adhuhuri,
kalamu nyekundu imekauka ncha.
Nikampa vema tatu, hata hilo la mbwa.
Kisha nikatoa simu, nikanunua umeme wa elfu mbili,
hela yangu ya nauli,
maana ngamia bado amepiga magoti.