Tela la Usoke

Leo tela halibebi tumbaku.
Marobota yalikwenda juzi, yakapimwa, yakakatwa madeni,
ikabaki pesa ya chumvi na sare za shule,
na ile harufu kali iliyong'ang'ania mbao
hata Nyanzobe akapiga chafya mara saba
kabla hatujatoka uani kwa Lushinge.

Watu kumi na wanne, mikeka miwili, dumu la togwa,
sufuria ya karanga za kuchemsha isiyojulikana ya nani.
Mbele, maksai wawili: Deni na Shukrani.
Deni alikopwa; kwato zake mbili za nyuma
bado ni mali ya chama cha msingi.
Shukrani alizaliwa zizini, bure, usiku wa mvua.
Nira ni moja. Huwezi kusema
yupi anavuta zaidi.

Nyuma yetu punda wa kina Mayunga,
na tela lao lenye gurudumu moja la Landrova
na jingine la kitu tusichokijua:
linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Mimi natangulia na kamba. Nina miaka kumi na miwili,
kiganja changu kinanuka pua ya ng'ombe,
na kila aliyeketi nyuma yangu ni dereva:
"Kisiki! We mtoto, kisiki!"
Nimekiona. Nakijua tangu mwaka jana.

Relini Shukrani akagoma.
Si fimbo, si mluzi, si yale matusi ya Kinyamwezi
baba aliyoyarithi kwa baba yake.
Akainamisha kichwa, akanusa chuma.
Mara treni ya Kigoma ikapita, ndefu, imechelewa,
dirishani mtoto akatuonyesha gunzi lake la muhindi,
nasi tukainua karanga.

Baba akairudisha fimbo chini ya mkeka. Hakusema kitu.

Kisha mchanga wa bondeni. Magurudumu yakazama.
Shukeni! Wakashuka wote, mwalimu, bwana harusi wa mwezi jana,
mdai na mdaiwa wake bega kwa bega,
wakasukuma.
Akabaki Bibi Kalunde, miguu yake miaka mitatu haijavuka kizingiti,
juu peke yake kama mtemi,
akila karanga, akitudondoshea maganda utosini.
"Taratibu," akasema, "mnanitikisa."

Tulikuwa tunakwenda mtoni tu, kuona maji, na kurudi.

Kesho tela litabeba samadi.