Kuamka kwa Namba Tatu

Ahero, saa nane usiku. Pampu ikinguruma tu,
kipima-maji kinazimika, kinaamka,
kinajitambulisha kama mgeni:
"Mimi ni kituo namba tatu."
Namba tatu! Tumekesha nawe siku nne.

Kila kikiamka, alama nilizotega kwenye msimbo zimefutika,
kompyuta imepoteza uzi,
swali langu limebaki mdomoni.

Aluoch akapiga miayo, akasema:
usimkimbilie akishaanguka.
Mshike kabla hajafumbua macho,
umuulize nani kamsukuma.

Nikaizuia chipu kwenye amri ya kwanza kabisa.
Rejista moja, biti moja, bado ina joto:
umeme ulishuka.

Si msimbo wangu, basi.
Pampu hunywa kwanza,
huyu mdogo akaachiwa masazo.

Nje, mpunga hauna habari.