Nuni Isiyosomeka

Mimi naandika ili nisomeke.
Mwanjelwa nzima inanijua kwa hilo:
UNGA WA DONA UPO. HAPA TUNAZIBA PANCHA.
Herufi nene, rangi ya mafuta, kivuli chekundu upande wa kulia,
dereva wa lori aipate habari bila kukanyaga breki.

Basi Mahgul binti Shahdadi, Mbulushi wa Rujewa,
aliponiita Soko Matola nimpigilie fremu,
nilisimama mbele ya ile karatasi, pana kama mlango,
nikaona haya:
nyeusi juu ya nyeusi, mikia, matumbo, vibakuli,
herufi zimepandiana kama mbuzi kwenye mlango wa zizi.

Imeandikwa nini?
"Nuni. Nuni moja. Nimeirudia mpaka karatasi ikachoka."
Ni neno?
"Si neno."
Ni dua?
"Usinitafutie dua, fundi."

Zoezi jeusi, ndivyo waitavyo Waajemi.
Zamani lilikuwa la kupasha mkono moto;
siku hizi ndilo linalotundikwa.

Kalamu yake ni tete la Ihefu,
mjomba alilikata kando ya majaruba ya mpunga,
akalifukia kwenye samadi mpaka likageuka rangi ya chai.
Wino ni masizi ya jiko la mama yake na gundi ya mgunga,
na ndani ya kidau kuna uzi wa hariri,
ncha isije ikalewa.

Mwalimu wake yuko Shirazi, ndani ya simu.
Mtandao ukikatika, mkono wa mzee huganda hewani:
nusu ya herufi kule, nusu hapa Mbeya,
naye huimalizia kwa kukisia.
"Na Kiajemi unakijua?"
Alicheka hadi akaweka kalamu chini.
"Bibi alikijua. Cha kuhesabia na cha kutukania."

Kisha akanionyesha kipimo.
Ncha ikibonyezwa huacha nukta, pembe nne, kama kashata.
Alifu husimama kwa kashata tatu, haiongezi hata chembe.
Nami miaka kumi na tisa
nimepima kwa jicho, na kwa mfuko wa mteja.

Ukungu wa Loleza ulikuwa umeshuka hadi dirishani.
Nikapiga msumari wa mwisho, nikarudi nyuma hatua nne,
na vile vibakuli vikaanza kujaa.
Sijui vilijaa nini.
Sikuuliza tena.

Jumatatu akaja Ambokile wa mashine ya kukoboa, na bati lake.
UNGA, akasema, kama kawaida.
Nikaishusha ile U kwa nukta tatu,
tumbo nikaliacha lipanuke, lipanuke,
likagusa ukingo wa bati.
Akaitazama, akainamisha kichwa, akakiinamisha upande wa pili.
"Fundi, hii ni U au ni sufuria?"
Nikamwambia alipe nusu.

Bati liko Uyole, kando ya barabara kuu.
Malori yakifika pale hupunguza mwendo.
Lipo na tuta, lakini.