Nambari Kumi na Saba

Tajiri wa kinu alizijenga mgongo kwa mgongo,
ukuta mmoja, majiko mawili:
Bi Zuweina akikaanga nguru,
sisi wali wetu tulitowea harufu.

Yake aliiweka juu, upepo unakotoka.

Kodi ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi.
Baba alirudi kope nyeupe, unga hadi masikioni;
mama akamkung'uta mlangoni kama jamvi,
na kilichoanguka
akakizoa, akakichekecha.

Leo Matrah wamebandika kibao: Urithi.
Kijana wa tiketi ananieleza, kwa adabu,
jinsi vyumba hivi vilivyokuwa na hewa.

Naingiza kidole ufani.
Bado kuna unga.

Baisa mia tano, anasema.
Nalipa. Nambari kumi na saba
haijamaliza kutudai.