Moyo wa Tano

Chuma chetu cha wafli kina mioyo mitano
iliyogusana ncha katikati, kama watu walioinamia kisima.
Jorid alikinunua mnadani kwa kroni arobaini,
mpini umeungua, waya umezungushiwa utepe,
akasema: tazama, kimeshatuhesabu.
Yeye, mimi, Torunn, Aslak,
na Embla, aliyekuwa bado tumboni.

Tangu hapo Jumamosi ni yangu.
Siku nyingine naendesha basi la shule bonde zima la Numedal,
breki, theluji, kelele, breki.
Jumamosi natia iliki kwenye unga
na hakuna wa kuniambia nipite wapi.

Daftari limelowa mafuta kila ukurasa.
Mna wafli ya viazi vya jana na majani ya kitunguu.
Mna ya uji wa wali uliobaki Krismasi:
kila mtu aliapa ameshiba, kisha akarudi na sahani.
Mna ya bitiruti, chuma kikafuka mvuke wa waridi,
Aslak akazunguka mtaani na ulimi wa zambarau
akidai amelamba radi.
Mna ya samaki wa siki. Hiyo niliikata kwa kalamu,
lakini Embla alichora paka pembeni, paka wa jirani,
maana hata yeye alinusa, akanitazama, akaondoka.

Vipimo sikuandika.
Niliandika: maziwa, mpaka unga ulegee kama aliyesamehewa.
Niliandika: siagi, usione haya.
Niliandika: ya kwanza itanata. Ya kwanza ni ya chuma,
kiachie chake, uendelee.

Agosti Torunn alihamia Kongsberg, miaka kumi na sita,
chumba cha kupanga juu ya duka la miwani,
kama wanavyohama watoto wa huku shule ikiwa mbali.
Nilimbebea godoro. Sikusema kitu.
Nilikaza skrubu za kitanda
zilizokwisha kukazwa.

Jumamosi ile wafli ilitoka nzima, haina hata jeraha.
Tukachana: mmoja, mmoja, mmoja, mmoja.
Moyo wa tano ukabaki sahanini ukifuka moshi,
kisha haufuki.
Jorid akaufunika kwa jibini ya kahawia,
ikayeyuka kidogo ukingoni, ikaganda.
Aslak akauliza: nani ataula huu?
Tukaosha vyombo.

Majuma yaliyofuata nilibuni kama mwenye deni:
karoti na tangawizi, shayiri na tufaha,
jibini ya mbuzi na asali, hata kahawa.
Kila nilichobuni kiligawanyika kwa tano.
Usiku mmoja nilisimama na msumeno mdogo
nikikipima chuma kwa jicho.
Jorid akasema kutoka mlangoni:
utavunja chungu kwa sababu ya ukoko.

Kisha Alhamisi, saa ya kulala, ujumbe:
*Baba, nimepata chuma cha mtumba.
Hakina mioyo, kina miraba, kama daftari la hesabu.
Andika hii. Dengu za kuponda, vikombe viwili.
Yai. Bizari, vijiko vitatu. Limau, nusu.
Usitie sukari. Nakujua.*

Jumamosi tukaipika kwa amri yake.
Sukari nilikuwa nayo kiganjani. Niliirudisha.
Ya kwanza ikanata, ya pili ikanata,
ya tatu ikatoka na ladha ya udongo uliokamuliwa limau.
Aslak akakohoa. Jorid akaomba maji.
Embla, kinywa kimejaa, akasema: mbaya,
akanyoosha mkono, akachukua moyo wa tano,
akautafuna huku akitukazia macho
tuone nani atathubutu.

Usiku nikainakili daftarini,
mara ya kwanza na vipimo:
vikombe viwili, vijiko vitatu, nusu.
Pembeni nikaandika: punguza bizari.

Nikafuta.