Tabaka la Kumi na Mbili

Ufunguo alikuwa nao Mwana Zena,
umefundikwa kwenye ncha ya leso,
na fundo halikufunguka mpaka aliponiuliza:
"Utatia saruji?"
Nikasema sitatia.
"Apa."
Nikaapa, kucha zangu zingali na vumbi
la nyumba niliyoitia saruji juma lililopita,
Langoni, kwa mtu aliyelipa vizuri.

Nyumba ya Maalimu Lali Kupi iko Mkomani,
kichochoro ambacho punda wawili wakikutana
mmoja hana budi kurudi kinyumenyume.
Kamati imeshachonga kibao:
HAPA ALIISHI MWASISI.
Kamba nyekundu imeagizwa, na kabati la kioo
la kilemba, bakora na kidau cha wino.
Mtaalamu ametoka Nairobi, amegonga boriti mojamoja
kama daktari agongavyo kifua,
akaandika: mchwa, chumvi, unyevu.
Popo hakuwaandika.

Nilianza ndani, chini ya zidaka.
Nikakwangua.
Chokaa ya mwaka wa mvua kubwa,
chokaa ya arusi ya Mwana Zena,
chokaa yenye ubuluu, mtu alizidisha nili,
chokaa ya msiba,
nyembamba, moja nyuma ya moja, kama maganda ya kitunguu,
na machozi ni yaleyale.

Siku ya nne, tabaka la kumi na mbili,
karibu na sakafu, usawa wa goti langu,
makaa yakanitazama.
Alifu zilizolala chali. Be iliyosahau nukta.
Jimu saba mfululizo, ya saba ndiyo iliyosimama,
na kando yake, kwa mkono wa mtu mzima,
alama ya sahihi.
Kisha, mwandiko wa mtoto aliyekwishakua kidogo:

    Mimi mwana wa mtwana
    nimetoka shamba jana
    nimekaa na mabwana
    kwa jamvi moja la chuo

Mwana Zena akaja, akachuchumaa.
Magoti yake yalilia; yeye hakulia.
"Babu hakulala humu," akasema.
"Humu aliwalaza watoto wa shamba,
waliokatazwa kulala mjini.
Yeye alilala tekani, juu ya mkeka,
kichwa mlangoni,
ili ajaye kuwatoa amkanyage yeye kwanza."

Nami nilikuwa nimepitia hapo siku nne
na ndoo zangu na buti zangu.

Jumamosi kamati ikafika.
Wakapiga picha. Mmoja akasema
doa lile litaharibu sura ya chumba.
Mwingine akasema, taratibu,
kwamba neno "mtwana" litawaudhi watu fulani,
na watu fulani ndio waliotoa fedha.
Mwenyekiti akainama kuvitazama viatu vyake,
akakumbuka ameviacha nje.
"Fundi, paka tu," akasema.

Nimepaka.
Chokaa niliichoma mwenyewe, kwa magogo ya mkoko,
ikalala shimoni miezi minne mpaka ikawa laini
kama siagi ya ng'ombe wa Witu.
Nimepaka sabule, nimepaka misana yote miwili,
nimepaka hadi chooni, kwenye birika
ambamo visamaki vyeusi bado vinakula viluwiluwi vya mbu.
Ukuta ule nimeupaka pia,
ila kipande kimoja, upana wa jamvi.
Wakiniuliza nitasema chokaa iliniishia.

Kibao bado kimo ndani ya karatasi yake.
Kamba nyekundu, Mwana Zena ameitia kwenye ndoo ya kisima,
asema ni imara kuliko ya katani.

Baada ya laasiri watoto wa chuo wakaingia,
viatu vikamwagika tekani,
hapohapo pa mkeka.
Mmoja, Shee, mwenye kikohozi,
akapiga magoti mbele ya kile kipande,
akaifuata ile jimu ya saba kwa kidole,
akakitoa cheusi,
akakifutia puani.
Nikafungua kinywa nimkemee.
Mwana Zena akanitazama.
Nikakumbuka kiapo,
na kwamba niliapia saruji peke yake.