Hodi ya Saa Tisa

Deni la kikoba nililimaliza Mei.
Risiti ninayo, imepigwa muhuri.
Lakini mwili haukusoma risiti:
kila saa tisa usiku, hapa Barabara ya Kumi na Tatu,
moyo ulidunda kana kwamba mweka hazina
amesimama ukumbini na daftari lake.

Nasra Shekiondo, mfamasia wa Bombo,
alinichorea nyuma ya bahasha ya dawa
figo mbili, kila moja na kofia yake.
"Humu hutoka mjumbe," alisema, "jina lake kotisoli.
Hupanda na damu hadi kichwani, hubisha hodi.
Ndani ya chembe za ubongo wamo wapokezi,
kazi yao kumwitikia: karibu, tumesikia, yatosha.
Wakiitika, amri hushuka, kofia zikafunga."

"Na wasipoitika?"

Akaisugua kalamu kiganjani, wino ulikuwa unakatika.
"Sisi tumefundwa: hodi tatu bila jibu, ondoka.
Mjumbe huyu hana adabu hiyo.
Hubisha ya nne, ya arobaini,
huita wenzake, hujaza baraza,
na kadiri anavyobisha, wenye nyumba huzidi uziwi.
Wengine huhama."

Nikauelewa mwaka wangu mzima.

Kidonge, alisema, hakibebi furaha, nisikisingizie.
Yaonekana huwarudisha wapokezi mlangoni,
huwazibua masikio, pole pole,
ingawa namna hasa wataalamu bado wanabishana.
"Wiki nne, labda sita. Si panadol hii."

Wiki ya kwanza: kichefuchefu,
mdomo mkavu kama katani iliyoanikwa.
Ya pili: nilimchukia Nasra.
Ya tatu nilikaa kitandani nikamenya chungwa la Muheza
nikasahau kulila.

Ya tano, sijui Jumanne au Jumatano,
niliamka jua limeshaingia chandaruani.
Saa tisa ilikuwa imepita zamani,
imebisha, imejibiwa na mtu nisiyemjua
humo ndani mwangu, ikaenda zake.

Sikucheka. Nilikuwa na njaa tu.

"Hodi," mlangoni. Mara moja.
Kijana wa Mwanaidi, karudisha mbuzi ya nazi
waliyoiazima tangu Ramadhani.
"Karibu," nikasema,
na sauti ilikuwa yangu, nzito, ina usingizi ndani yake.
"Weka hapo jikoni. Na kamwambie mama yako
jino moja limevunjika.
Nimeliona."